Mwalimu Hakusema Rudia

Jumapili, 26 Aprili
Klabu ya kitabu leo tena kwa simu. Nimeegesha pikipiki nyuma ya saluni hapa Kashai, Bukoba, mtandao unashika vizuri. Abiria hakuna. Watu wanaogopa korona mpaka wananiogopa mimi, na sura nzuri hii.

Mwalimu Koku kafungua kikao kwa mtindo wake. Yuko kwake Kamachumu, anasogeza kikapu cha kahawa ya kutafuna kwenye kamera, anatukaribisha, kila mtu anatafuna kahawa yake huko aliko. Hujatafuna, husomi. Kitabu anacho yeye tu. Kemi, mjukuu wake, anapiga picha kurasa anatutumia.

Mwalimu ndiye aliyenifundisha Buhembe, shule ya msingi. Niliacha shule kidato cha pili, hakunigombeza. Korona ilipoingia akaniingiza klabu. Mjanja.

Nimesoma kwa sauti ya redio kabisa. Mara: "Deo, rudia." Nikarudia. "Rudia." Masatu, muuza dagaa wa kisiwani, hoi kwa kicheko. "Unasoma kama unamkimbia trafiki!" Nikamwambia ananuka dagaa mpaka huku.

Mwalimu kaahidi: nikisoma ukurasa mzima bila rudia, atasema "umefaulu" mbele ya wote. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia hivyo. Nalitaka hilo neno.

Jumapili, 3 Mei
Mwalimu ana mafua. Yeye ndiye anasema ni mafua. Kahawa hakuimaliza, eti haina ladha. Masatu akasema, "Waitu Mwalimu, ulimi ndio umestaafu." Tukacheka sana.

Kaniambia rudia tena na tena. Katikati anazima sauti akohoe. Adabu mpaka kwenye kikohozi.

Jumatano, 6 Mei
Kemi anasema bibi hataki hospitali. Anaogopa akifia huko atazikwa na watu asiowajua. Nimempigia mwenyewe. Nikasema, "Mwalimu, nakuja kukubeba na pikipiki. Hakuna dereva kama mimi Kagera nzima."

Akasema, "Fanya mazoezi ya ukurasa wako."

Mkaidi. Nina hofu. Nimefanya mazoezi.

Jumapili, 10 Mei
NIMEWEZA! Ukurasa mzima!

Mwalimu alikuwa kitandani, ameegemea mito. Nilipoanza tu, picha yake ikaganda. Mtandao wa Kamachumu ndio zake. Nikasema, "Mwalimu amekuwa sanamu ya kanisani," nikaendelea. Hakuna rudia. Masatu kimya, amekubali mziki. Nikasubiri niambiwe umefaulu, simu ikakata. Basi, atasema Jumapili.

Nimezunguka Kashai bila abiria, naimba.

Jumanne, 12 Mei
Mwalimu Koku amefariki. Alfajiri.

Siwezi kuandika.

Alhamisi, 14 Mei
Tumemzika kibanjani kwake, kwenye migomba. Watu wachache, barakoa, kila mtu mbali na mwenzake. Hakuna kulala msibani. Mwalimu aliyefundisha nusu ya Buhembe, watu wametawanyika kama wametoka sokoni. Nina hasira. Sijui namkasirikia nani.

Kemi kanifuata kwenye pikipiki. Kasema picha iliganda kwangu tu. Kule bibi alisikia kila neno. Akainua mkono. Midomo ikacheza, pumzi haikutosha.

"Alikuwa anasema rudia, Deo. Uliruka mstari."

Nikamuuliza, alikasirika? Hapana, alitabasamu. Kisha akafumba macho, akaendelea kunisikiliza mpaka simu ilipokata.

Nimerudi Bukoba polepole. Mimi, polepole. Wanaonijua wangeshangaa. Nililia ndani ya kofia ngumu, hakuna aliyeona.

Ijumaa, 15 Mei
Sijatoka. Najichukia kwa zile nyimbo.

Jumapili, 24 Mei
Masatu alidhani klabu imekufa. Nimewapigia mimi. Kemi kasogeza kikapu kwenye kamera. Tukatafuna. Masatu hakunitania. Nilitamani anitanie.

Nimesoma ukurasa uleule. Mstari wenyewe mfupi tu, mama wa kwenye hadithi anapakua chakula cha jioni: "Akaweka na sahani ya mwanawe aliyehama, kwa mazoea." Safari hii sikuuruka.

Nikafika mwisho. Nikangoja kidogo. Mbele ya saluni mtu anafagia. Kwenye simu hakuna aliyesema rudia.

Nikarudia.