Baba wa Mzee na Upanga Wake

Alhamisi, mtaani Al Mansoura

Nakusihi, utakayesoma haya, usimwambie mtu hata neno moja.

Mzee Mwingereza aliyeniajiri niwe mwandishi wake pale The Pearl, kisiwa cha matajiri katika nchi hii ya Kiarabu, anaandika historia ya wawakilishi wa mfalme katika kaunti yao kule Uingereza, wale wanaovaa upanga na kumpokea akizuru. Leo tulifikia sura ya baba yake. Kabla ya cheo hicho aliongoza kambi ya kizuizini ya wakoloni kwetu Nyeri, ile alimouawa babake nyanya.

"Andika Wakenya walimpenda," mzee akasema.

"Sawa, bosi."

Nikaandika kwamba watu walifia mikononi mwake, nikaituma sura hiyo kwa mchapishaji bila mzee kujua. Sasa kila nikifumba macho namwona baba huyo amesimama na upanga wake. Na kibali changu cha kuishi hapa anacho mzee...

Nikitoweka, muulize Wanjiru wa saluni iliyo chini ya jengo letu. Usipige simu. Njoo mchana, useme unataka kusukwa.