Kipande cha Mbele cha Okidi ya Mama

Malaba

Mdogo wangu Wakesho,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Natumaini baridi ya Taita haijarudi kukusumbua magoti. Mimi ni mzima, ingawa tangu tumzike wifi yako nyumba hii imekuwa kubwa kuliko inavyopasa. Kutwa nasikia malori yakinguruma kwenye foleni ya mpakani, na hapana hata moja linalokuja kwangu.

Uliniandikia kwamba okidi yako imeoza, hivyo hii yangu ndiyo pekee iliyosalia ya Mama, ukaniomba kipande. Nimekawia kujibu. Unaijua tabia yake: kila chipukizi huzaliwa mbali na lile lililotangulia, nalo shina hutambaa. Yangu ilikuwa imepita ukingo wa chungu, mizizi yake mipya ikining'inia hewani. Wifi yako ndiye aliyekuwa akiihamisha. Tangu aondoke, haijachanua.

Mama Amoit, jirani yangu auzaye chai kwa madereva, alinishauri: "Mzee, kata vipande kama marando ya viazi, chomeka kwa udongo. Itashika tu."

Nilimweleza kwamba marando hutoa mizizi popote, lakini hii hukatwa penye mizizi yake tu, tena kila upande ubaki na machipukizi matatu. Akayahesabu, yalikuwa manne. Akasema basi hayo ni maua ya kuringa, nikae nayo, dada yangu atumiwe picha.

Nilitaka kumtii. Nilipasua jerikeni kwa urefu, nikatoboa matundu, nikatandaza vipande vya magome na makaa, nikailaza okidi nzima humo. Ilienea vizuri. Kisha nikawaza: hii ikifa, hakuna nyingine. Nikapitisha kisu motoni, nikakata nyuma ya machipukizi matatu ya mbele, nikapaka jeraha unga wa makaa. Mama Amoit alinishikia shina, safari hii bila mzaha.

"Mzee," akasema, "dada umempa mbele yote. Wewe umebaki na kisiki."

Nikamjibu kwamba huenda kisiki kina jicho. Kimekaa pembeni mwa jerikeni, na nafasi iliyobaki nimeiacha wazi.

Dereva wa Voi atakuletea kipande chako. Usizike shina, lilaze juu, mizizi pekee ndiyo ifunikwe, na ncha ielekee penye nafasi. Usikimwagilie maji kila siku. Ndivyo ulivyoiozesha ile ya kwanza, nami nilikuonya.

Nisalimie shemeji, na shangazi yetu aliyebaki peke yake kule bondeni. Umtembelee.

Kisiki kikichipua, nitakuandikia. Nisipokitaja, usiniulize.

Ni mimi kaka yako,
Zakaria