Nakala Kumi za Don Anselmo

Jumatatu, 4 Juni 1798

Nimepata kazi ya siri. Mwenye akili zake angeikataa. Mimi nimeikubali kabla don Anselmo hajamaliza kusema!

Aliniita kwenye ghala lake la kakao, akafunga mlango. Akatoa karatasi iliyotoka visiwani kwa Wafaransa, mtu ameshaitafsiri kwa Kihispania. Inasema mtu anazaliwa huru. Kwamba sheria ni moja kwa mkubwa na mdogo, na mfalme si mungu. Mji mzima wa Cumaná unajua ukikutwa na kitu kama hicho unanyongwa. Anataka nakala kumi, kwa mwandiko wangu mzuri wa karani wa ofisi ya hati.

Sikuuliza atanipa nini. Alishajua ninachotaka. Tomasa, mtumwa wake wa jikoni, ana mimba yangu ya miezi minane. Mimi ni chotara huru, lakini uhuru wangu haumfikii mtoto. Mtoto hufuata tumbo la mama. Isipokuwa bwana mwenyewe aseme kwenye kisima cha ubatizo, mbele ya padre: huyu ni huru. Neno moja, padre analiandika kwenye daftari, basi. Don Anselmo ameahidi kulisema. Aliweka na mkono kifuani.

Alhamisi, 7 Juni

Sikukuu ya Ekaristi. Wenye vinyago wanacheza mbele ya kanisa, mimi nimejifungia naandika. Nakala nne tayari. Mgongo hoi.

Alasiri nilikwenda kwa don Anselmo kuwasomea wenzake. Mabwana watano, kila mmoja na kikombe chake cha chokoleti. Mimi kwenye kibao karibu na mlango. Walizungumza vizuri, lazima nikiri. Kwamba akili ya binadamu imelala miaka elfu na sasa imeamka. Kwamba Wafaransa wamethubutu, na Waingereza wa Amerika ya kaskazini kabla yao, kwa nini sisi tuendelee kulipia kila kitu ruhusa kutoka Hispania? Nilisisimka. Kweli nilisisimka!

Halafu mmoja wao, daktari, akauliza kuhusu watumwa wa visiwa vya Wafaransa walioasi. Don Anselmo akasema wale walisoma maneno mazuri wakayaelewa vibaya. Wote wakaafiki. Tomasa alikuwa anakusanya vikombe.

Baadaye jikoni akaniuliza, "Huyo mtu wa kwenye karatasi, anayezaliwa huru. Anazaliwa na nani?"

Nikamwambia ni mtu yeyote, ni namna ya kusema.

"Mtu yeyote ana mama," akasema. "Mama yake alikuwa wa nani?"

Nimeandika sentensi ile mara nne na sikuwahi kujiuliza.

Jumamosi, 9 Juni

Nakala ya kumi! Nimempelekea zote ndani ya gunia la kakao. Mkono umekufa ganzi. Don Anselmo alizishika moja moja akasema hata mchapaji wa Hispania asingefanya vizuri zaidi. Nilifurahi kama mjinga.

Jumanne, 12 Juni

Nimejimaliza mwenyewe.

Leo ofisini nilikuwa nanakili wasia wa mjane mmoja. Nilipofika mwisho mkono ukaenda wenyewe, kama unavyokwenda kila siku kwa miaka kumi na mitatu: *Nakala hii nimeilinganisha na asili yake, ni sahihi, nashuhudia.* Chini yake sahihi yangu na mkia wake wa mizunguko mitatu. Nikaduwaa na kalamu mkononi. Kwa sababu nilikumbuka mkia huohuo Jumamosi, kwenye nakala ya kumi, wino ukiwa bado unang'aa.

Nimeshuhudia uasi! Kwa jina langu kamili, Crisanto Malavé!

Nikakimbilia kwa don Anselmo. Akasema tisa zimeshatoka, ya kumi ameibakiza yeye kwa sababu ndiyo nzuri kuliko zote. Nilipomwonyesha kilichoandikwa chini alicheka mpaka machozi. Akasema mimi nitakuwa mwandishi hadi kaburini. Ameahidi kuichoma. Nilimshukuru.

Alhamisi, 14 Juni

Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na leo imelia kila njia panda. Nakala moja imeokotwa kambini kwa askari. Mwenye karatasi aisalimishe ndani ya siku kumi. Atakayemtaja mwenzake atasamehewa makosa yake yote. Atakayeficha, kamba. Daktari yule wa Ekaristi amekamatwa mchana, akiwa na makubadhi ya nyumbani tu miguuni.

Naogopa. Sili. Kidaftari hiki nacho ningekitupa, lakini nikiacha kuandika nitaanza kuongea, na hiyo ni mbaya zaidi.

Jumamosi, 16 Juni

Tomasa amejifungua. Msichana. Ana nywele nyingi na hasira nyingi. Ubatizo ni Jumapili ya tarehe 24, siku ya Mtakatifu Yohane, kwa hiyo ataitwa Juana. Nimembeba. Siwezi kuandika zaidi.

Jumatano, 20 Juni

Leo nimejinakili.

Hakimu ameleta ile karatasi ya kambini ofisini kwetu. Serikali haiwezi kumnyonga mtu bila nakala tatu: moja iende Caracas, moja Hispania, moja ibaki hapa. Don Hilario, mkuu wangu, ndiye aliyenifundisha kushika kalamu nikiwa na miaka tisa. Akaiweka mezani kwangu. Ilikuwa moja ya zile tisa. Haina sahihi. Lakini mwandiko ni wangu, kila herufi, hata ile R yangu ya majivuno.

Ningefanyaje? Nikazilaza herufi upande. Nikabana vishimo vya O. Nikaandika ukurasa wa kwanza, wa pili. Don Hilario akaja akasimama nyuma yangu.

"Herufi zako zimelala leo, Crisanto," akasema. "Zinaumwa?"

Nikasema ni mkono, bwana, umeteguka. Akasema pole. Akachukua karatasi zote, ya kambini na nakala yake, yangu na yangu, akaenda nazo chumbani kwake akafunga mlango. Mpaka tunafunga ofisi hakutoka. Sijui kama anaficha au analinganisha.

Ijumaa, 22 Juni

Don Anselmo hakuichoma.

Amenikuta njiani kwenda mtoni, akashuka kwenye farasi, jambo ambalo hajawahi kunifanyia. Amekonda. Anasema daktari atataja majina wakianza kumbana, na siku kumi za mbiu zinakwisha Jumapili. Akasema tuongee kama watu wenye akili. Ana mke, ana watoto sita, ana jina. Mimi nina sahihi yangu kwenye nakala ya kumi, iko kwenye sanduku lake la chuma.

Kwa hiyo niandike ungamo. Kwamba karatasi niliipata kwa baharia, nikanakili mwenyewe, nikasambaza mwenyewe, hakuna bwana yeyote aliyejua. Nimpe yeye alipeleke kwa hakimu. Nikifanya hivyo, Jumapili atasema neno kwenye kisima. Nisipofanya, atapeleka ile nakala. Mimi nitanyongwa vilevile na mtoto atakuwa wake.

Nikamuuliza na yale aliyokuwa akisema? Akili iliyoamka?

"Yale ni kweli tupu," akasema. "Ndiyo maana lazima wabaki watu wa kuyasema."

Na aliamini! Hilo ndilo linaloniuma. Macho yake yalikuwa na machozi kabisa.

Jumamosi, 23 Juni

Nimemweleza Tomasa. Hakulia. Alikuwa ananyonyesha, hata hakumtoa mtoto titini. Nikasema nimeshaamua, nitaandika. Akanitazama kama anatafuta ndugu yangu mwenye akili zaidi.

"Aseme kwanza," akasema. "Aseme, padre aandike, ndipo umpe hiyo karatasi yako. Usimpe kabla, Crisanto. Nimempikia miaka kumi na moja, namjua."

Nimemwahidi. Kisha nimeandika ungamo, kwa mwandiko ulionyooka. Ukurasa mmoja na nusu. Ni uongo mzuri kuliko kweli zote nilizowahi kunakili.

Jumapili, 24 Juni

Naandika haya sakristia, chumba cha padre nyuma ya altare, upesi, kwa kalamu ya kanisa.

Don Anselmo alikuwa ananingoja mlangoni pa kanisa, mkono umenyooshwa. Nikasema baada ya ubatizo, bwana. Akasema basi haingii. Watu nyuma yetu wanasukumana, ngoma za Mtakatifu Yohane zimeshaanza, padre Isidro anauliza kwa sauti kama mtoto ana mwenyewe au hana. Tomasa yuko kwenye kisima na Juana mikononi, ananitikisia kichwa: usimpe.

Nikampa.

Aliisoma mpaka mwisho, akaikunja, akaiweka ndani ya koti. Akaingia. Maji yakamwagwa, Juana akapiga kelele. Padre akauliza, "Huru au mtumwa?" Don Anselmo akatazama maji.

"Andikeni kama kawaida, padre."

Akatoka. Hakuniangalia. Atakuwa njiani kwa hakimu sasa hivi, ana karatasi yangu na siku ya mwisho ya msamaha. Tomasa alimfuta Juana maji kichwani, akanipita. Angenitukana ingekuwa afadhali.

Padre Isidro ana ubatizo kumi na nne leo na mikono inayotetemeka. Kila mwaka siku kama hii huniomba nimjazie daftari, yeye atie sahihi tu. Kwa hiyo amenisogezea daftari la machotara na watumwa, akaenda kuvua mavazi. Kama kawaida, amesema, umesikia.

Nikaandika tarehe. Nikaandika Juana, binti wa Tomasa, mtumwa wa don Anselmo Urrieta. Mkono ulikuwa umetulia kabisa. Kesho kila mtu mjini atajua kuwa mkono huu ni wa mwasi, na watakuja kupekua kila kilichotoka chini yake. Lakini sahihi itakuwa ya padre. Sahihi ya padre hawawezi kuinyonga.

Nimeandika: *aliyetangazwa huru na bwana wake mbele yangu.*

Padre amerudi. Amechovya kalamu, ameinama, ameigusa karatasi. Miaka yote hutia sahihi bila kusoma. Tomasa amesimama mlangoni na mtoto, anautazama mkono wa padre.

Sasa ameiweka kalamu chini. Anafungua kabati, anatafuta miwani.