Mdogo Wangu Ameikataa Kazi Yangu Mbele ya Bosi

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo. Nisaidie kabla sijakosana na mdogo wangu wa kike, maana tangu juzi tunasalimiana kama wapangaji, na kinachoniuma ni kwamba mimi ndiye niliyemfundisha kazi, mimi ndiye niliyemwombea nafasi ofisini, na sasa, alipopewa aikague, kanikatalia programu niliyoandika ya kuendesha mashine ya kupima damu, mbele ya bosi na wenzetu wote. Programu inachukua kwanza nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta, halafu inashika laini ya kuongea na mashine, halafu inawasha pampu, na yangu inafanya hayo vizuri sana, ila pampu ikigoma inatoa tu taarifa ya hitilafu na kujiondokea, laini bado imeshikwa, kwa hiyo muuguzi akijaribu tena anaambiwa mashine inatumika wakati hakuna anayeitumia, mpaka achomoe plagi ukutani. Nikasema pampu hugoma mara chache. Akanijibu kwa upole, "Dada, si wewe uliyeniambia wali ukiungua, sufuria inaoshwa vilevile?" Watu wakacheka. Mimi ndiye kiongozi wa kikundi, naweza kuipitisha bila yeye, na hospitali inaisubiri. Nimfanyeje huyu mtoto?

Dada Mkubwa

Marahaba, Dada Mkubwa. Nimeisoma barua yako nikitafuta malalamiko, nikakuta majivuno. Ulimfundisha, ndiyo, na ulimfundisha vizuri mpaka mafunzo yako yamekuchoma. Pole, kuchekwa ofisini kunauma. Lakini mgonjwa ameshachomwa sindano, damu iko kwenye kichupa, na muuguzi anahangaika na plagi ili wewe usiaibike? Hilo sikubaliani nalo.

Usipitishe kitu. Kaa chini uirekebishe: pampu ikigoma, programu iachie laini, kisha irudishe nafasi ya kumbukumbu, kinyumenyume cha ilivyochukua, ndipo itoe taarifa yake. Na isijaribu kuachia ambacho haikuwahi kushika, maana hiyo nayo ni vurugu. Ukimaliza, chomoeni pampu makusudi, mjaribu, mshindwe, muirudishe, mjaribu tena bila kugusa plagi ya ukutani. Mdogo wako ndiye abonyeze kitufe.

Ikiwaka, waambie walewale waliocheka ni nani aliyeliona kosa, na useme kwa sauti. Umwite fundi mwenzako, si mtoto. Halafu atakayeuliza binti huyu kajifunzia wapi umakini wote huo, hapo sasa jisifu, ruhusa nimekupa.