Gitaa Iliyomupiga Samy

Rwamwanja, Uganda, tarehe 9 mwezi wa tisa 2012

Papa Kambere mupenzi,

Nakusalimia sana, wewe na majirani wa Mabanga. Mugongo ungali unakuuma? Sisi tuko wazima. Tangu tukimbie Rutshuru mwezi wa saba, watoto wangu wamekwisha kuzoea hema. Mimi bado.

Papa, nina shida ya kazi yako. Kwaya yetu hapa kambini ilipewa gitaa ya umeme na ampli ya zamani ya kukuza sauti, tunawasha na gurupe, ile jenereta ya mafuta ya esansi. Jumapili iliyopita Samy, mupiga gitaa wetu, alisogeza mudomo kwenye mikro ya kuimbia, kuran ya umeme ikamutupa chini. Alilala kimya mpaka tukaanza kulia. Amepona, lakini ndani ya gitaa waya mbili zimekatika, na katekista anataka itupwe. Nikasimama, nikasema: "Ngojeni, mimi ni mutoto wa fundi wa redio." Kumbe sijui hata chuma cha kulehemu kinashikwa wapi! Mezani kwako ulifundisha vijana wa jirani, mimi ukanituma maji. Nifundishe sasa.

Mutoto wako,
Masika

Goma, Mabanga, tarehe 30 mwezi wa tisa 2012

Masika, mama yangu,

Barua yako ililetwa na mama Léoncie, yule muuza maharagi. Niliisoma nikiwa nimesimama. Mugongo uko palepale, lakini kusikia muko na pumzi kumenitosha.

Usinunue chuma kikubwa cha mafundi wa mabeseni, kitaunguza vidude vya ndani. Tafuta chembamba, wati trente ao quarante (30 ao 40). Risasi yake ya kulehemu iwe uzi mwembamba wenye utomvu ndani. Ile asidi ya mabati inakula waya. Kwangua waya ing'ae, pasha moto mahali pa kuungia, risasi iyeyukie hapo yenyewe. Ikiganda kama uji wa jana, rudia.

Utaona waya moja inaenda chini ya chuma kinachoshika nyuzi. Hiyo ni masi, njia ya kuran kwenda udongoni. Mutu atakuambia uikate ili Samy asipigwe tena. Usikubali! Kuran ya kuua inatoka kwenye ampli. Angalia fishi yake, ile ya kuchomeka kwenye umeme: kama muguu wa tatu umevunjwa, umeme hauna njia ya kwenda udongoni, unapita kwa mutu. Fundi wa umeme aurudishe, na gurupe ifungwe kwa waya kwenye chuma kirefu kilichopigiliwa ardhini. Ampli yenyewe usiifungue, inaficha kuran hata ikizimwa.

Kuhusu yale maji: nilidhani ninalinda mikono yako. Nilikosa.

Papa yako

Rwamwanja, tarehe 18 mwezi wa kumi na moja 2012

Papa,

Salamu nyingi. Muguu wa tatu ulikuwa umekatwa kwa musumeno! Twagirayezu, aliyekuwa fundi wa umeme Masisi, aliurudisha, akapigilia chuma ardhini, akapima. Mimi nililehemu mara tatu. Mbili za kwanza zilikuwa uji wa jana, na kidole kiliungua.

Lakini Samy alikataa kuishika. "Shika wewe kwanza," akasema. Nikaishika, nikaweka mudomo kwenye mikro, nikaimba. Hakuna kitu, Papa. Sauti yangu tu.

Redio inasema vita imekaribia Goma. Tafadhali, toka.

Masika

Rwamwanja, tarehe 16 mwezi wa kumi na mbili 2012

Papa,

Uko wapi? Mama Léoncie haonekani, simu yako haiiti. Kila lori likifika ninasimama barabarani natazama wanaoshuka. Niandikie hata neno moja.

Masika

Goma, Mabanga, tarehe 20 mwezi wa kwanza 2013

Masika mutoto wangu,

Nakuandikia kwa mukono wangu mwenyewe, uone niko muzima. Nilijificha Keshero kwa shangazi yako. Niliporudi, watu wenye bunduki walikuwa wamebeba vyote: vyuma, risasi ya kulehemu, mpaka meza. Nilikaa chini, sikulia. Baadaye nililia.

Wateja wangali wanakuja. Nawaambia: "Mimi sina chombo tena, lakini fundi yuko Uganda, mutoto wangu. Akirudi atatengeneza." Nilifikiri watacheka. Wanaacha redio zao na kwenda. Jana jirani yetu mama Nsimire alileta ya kumi na moja. Nimezipanga chumbani kwako, kila moja na jina la mwenyewe, na asubuhi nafuta vumbi.

Sikuhimizi, mama. Njia bado ni mbaya. Nimewaambia wangoje, na mimi nangoja pamoja nao.

Papa yako,
Kambere