Mlango wa Makapera

Jumatano, 18 Machi. Riyadh

Nimeosha gari kubwa, nimeosha dogo. Vumbi la jana liliingia hata kwenye matundu ya AC. Nimelitoa kwa brashi ya meno. Mtaa huu hakuna dereva mwenye gari linalong'aa kama langu. Wenyewe wanajua, ndiyo maana hawanisalimii.

Shule zimefungwa. Hakuna kupeleka watoto, hakuna kuchukua. Bosi amenipa ruhusa. Naenda Jeddah kwa mke wangu.

Lakini bosi naye si mjinga. Dada wa kazi wa humu ndani anarudi kwao mwezi ujao. Bosi kasema nimlete Dama ashike nafasi yake, chumba cha getini kiwe chetu wawili. Nikamjibu halas, yamekwisha, baba, huyo hesabu amefika. Nilivyosema ungedhani nimeshaongea na Dama. Sijaongea naye. Ila mimi nikikaa na mwanamke siku nne na asikubali, basi si Karisa wa Mariakani.

Tulioana, tukakaa pamoja masika moja tu, akapata kazi Jeddah. Nikamfuata. Ajenti akanitupa Riyadh. Alinionyesha kwenye ramani kwa vidole viwili, hapa na hapa, jirani kabisa. Kumbe ni jangwa zima katikati. Tangu nije tumeonana mara moja, madamu wake alipokuja Riyadh harusini. Tulisimama kwenye maegesho kama watu wanaodaiana.

Alhamisi, 19 Machi. Ndani ya basi

Jangwa. Ngamia. Jangwa.

Jirani yangu Mpakistani amefanya bega langu mto. Namwacha. Mtu mkubwa hugombana na wakubwa wenzake.

Nimepanga maneno. La kwanza, tutakaa pamoja. La pili, chumba kina AC mpya. La tatu sijalipata. Idadi ya watoto wa bosi siitaji mpaka aulize.

Ijumaa, 20 Machi. Jeddah

Joto la huku ni letu. Lina maji ndani, kama la Mombasa. Nilishuka basi shati likanata mgongoni nikajihisi nyumbani.

Tumepanga chumba Al-Baghdadiyah. Karani wa mapokezi, Myemeni, kataka ushahidi kwamba huyu ni mke wangu. Nikatoa cheti cha ndoa na tafsiri yake ya Kiarabu yenye mihuri. Kakiangalia, kaniangalia mimi, kamwangalia Dama. Uso wake ulisema huyu mzuri hivi kampatia wapi huyu. Nikamwambia kwa Kiswahili, shangaa tu.

Dama kaja na begi la mgongoni na raba nyeupe chini ya abaya. Madamu wake na familia wamekwenda Abha kwenye baridi, wanarudi Jumanne. Madamu kamwambia tembea na mumeo, mwone mji. Dama amenawiri. Ananukia udi wa watu wenye nafasi. Anatembea haraka kuliko zamani.

Sasa aibu yangu. Naiandika kwa sababu hakuna atakayesoma.

Baada ya swala ya Ijumaa mikahawa ilifunguliwa. Tukaenda kula wali wa Bukhari. Mkahawa una milango miwili kama yote ya nchi hii, mmoja wa familia, mwingine wa makapera. Mimi mbele napiga domo, Dama nyuma. Miguu ikanipeleka ilikozoea. Nikaingia, nikaagiza kuku, nikakaa, nikala. Nilikuwa nimemaliza paja ndipo nikageuka nimwambie kitu Dama. Hakuna Dama. Hawezi kuingia kule, ni wanaume watupu.

Alikuwa amesimama nje, juani, kando ya mlango wa familia. Nikatoka mdomo umejaa mafuta.

"Umeshiba?" akauliza.

Tukaingia upande wa familia. Kuna vijumba vyenye pazia na viti vyenye mito. Sijawahi kukaa huko tangu nifike nchi hii. Nikaagiza tena nikala tena, eti sijashiba. Dama alicheka baadaye, lakini kicheko chenyewe kilikuwa nusu.

Jumamosi, 21 Machi

Leo nimekuwa mwongoza watalii. Al-Balad, mji wa kale. Sijawahi kufika, ila nimeuona kwenye simu, inatosha. Majumba ya mawe ya matumbawe, madirisha ya mbao yametokeza nje kama matumbo ya wajawazito. Nikamweleza Dama kwamba yalijengwa hivyo ili wanawake waone njia bila kuonekana. Akasema anajua, bibi yake madamu alizaliwa ndani ya moja. Angeniambia mapema nisingejichosha.

Tumepotea. Nikasema hii ni njia ndefu ya makusudi, ya kupata mandhari. Tulipopita duka lile lile la viungo kwa mara ya tatu, muuzaji akatukaribisha kama jamaa zake. Dama akamuuliza njia mama mmoja wa Kiindonesia. Mama akaonyesha kule tulikotoka.

Lakini mji huu nimeupenda. Wahausa waliozaliwa hapa hapa, Wayemeni, Wabangali, Wafilipino, Wasomali wenye sauti za kugombana kumbe wanasalimiana. Hakuna aliyetutazama. Mtaani kwa bosi nikisimama kidogo mlango wa jirani hufunguka. Hapa uso wangu ni uso tu. Nimetembea kifua mbele bila sababu.

Tulinunua mutabaki, chapati ile ya mayai na nyama, tukala kwenye kizingiti cha nyumba iliyofungwa. Nikaona wakati ndio huu. Nikamwaga maneno yote. Kukaa pamoja, chumba, AC. Hata la tatu nililipata pale pale, nikasema bosi ana roho nzuri. Dama alisikiliza huku anatafuna.

"Watoto wangapi?"

"Wachache."

"Karisa."

"Saba. Lakini mmoja anasoma Amman."

Akafuta vidole kimoja kimoja. Akasema twende tukaone ile baiskeli kubwa. Tukaenda. Ni baiskeli ya chuma, kubwa kama ghorofa, iko katikati ya mzunguko wa barabara na hakuna anayeipanda. Nilikuwa na hasira nikaimalizia kwenye baiskeli. Nikasema huu ni upuuzi. Dama akapiga picha.

Jumapili, 22 Machi

Hajajibu. Nimemuuliza asubuhi akasema anafikiri. Mimi nikifikiri huchukua muda wa kufunga kamba za viatu.

Tulizunguka Al-Hindawiyah. Soko, nguo za kupima kwa mita, karanga, dawa za kienyeji, wali wa kila taifa. Dama ana watu huko. Mama wa Kihausa anayeuza karanga anamwita binti. Dama anaongea Kiarabu kama amemezeshwa. Anapatana bei, anataniwa, anajibu. Mimi nimebeba mfuko. Kiarabu changu ni yalla, yaani twende, mafi, yaani hakuna, na maneno ya kulia, kushoto, shule. Nikanunua karanga nisizozitaka ili nami nionekane ninafanya jambo.

Mama yule akamuuliza huyu ni nani. Dama akasema ni mume wangu. Mama akanitazama toka juu hadi chini akasema kumbe yupo. Wakacheka wote wawili. Nimecheka pia. Iliniuma.

Alasiri tukaenda Corniche, ufukweni. Familia zimetandika mazulia, watoto, birika za chai. Fawara, ile chemchemi ya baharini, inarusha maji juu hata shingo inachoka kuangalia. Tukala balila, dengu za siki na pilipili. Ndipo Dama akasema lake.

Basheer, dereva wa nyumba yao, mtu wa Kerala, anarudi kwao moja kwa moja. Madamu kamuuliza Dama, mumeo si dereva? Aje hapa. Kuna chumba cha nyuma chenye jiko lake. Madamu anataka jibu akirudi Jumanne.

Nikamuuliza amejua lini. Akasema tangu kabla sijapanda basi. Nikamuuliza mbona hukuniambia.

"Nilitaka nikuone kwanza," akasema. "Kwenye simu kila mtu ni mume. Halafu weye ukaingia kula peke yako."

Nilisimama nikaenda kutazama bahari.

Yaani nimekuja kumchukua, kumbe nilikuwa kwenye usaili. Siku tatu napimwa kama tikitimaji.

Jumatatu, 23 Machi

Asubuhi hatukusemezana. Niliwasha televisheni, mashindano ya ngamia. Nilitazama hadi mwisho. Simjui hata ngamia mmoja.

Nimeudhika, sitaki kujidanganya. Kule kwa madamu wake, Dama ndiye mwenye funguo za stoo. Mimi nitakwenda kuwa mgeni wa mke wangu. Nitaulizwa umefunga geti? Na bosi wangu je? Nilimwambia huyo hesabu amefika. Sasa nirudi nimwambie anayehesabiwa ni mimi? Jamaa wa getini Riyadh, walinzi wa mtaa, watanicheka hadi Idi.

Mchana Dama akavaa begi lake akasema nifuate. Nikafuata. Tukaenda Al-Rawdah, mtaa wao. Miti iliyokatwa vizuri, kuta ndefu, magari mazuri ambayo hayakuoshwa vizuri. Hilo nililiona mara moja. Hakutaka kuniingiza ndani, wenyewe hawapo. Alitaka nione njia tu.

Kijana wa dukani pembeni akatoka akamwita jina lake, akampa maziwa ambayo hakuyaagiza, akasema mayai mazuri yanaingia kesho. Mlinzi wa nyumba ya pili, Msudani, akamuuliza jino limepoa? Bibi mmoja kwenye gari akashusha kioo akamsalimia, Dama, lini unarudi jikoni. Dama huyu, Dama yule.

Riyadh mimi naitwa sawag. Dereva. Sawag lete gari, sawag ngoja hapa. Mke wa bosi sidhani analijua jina langu. Mtoto wao mdogo ananiita Sawag akidhani ndilo nililobatizwa. Sikuwahi kuona ubaya wake hadi leo pale dukani, nimeshika pakiti ya maziwa.

Tukakaa kwenye ukingo wa barabara. Dama akasema polepole, bila kugomba. Kwa bosi wangu ataanza upya na watu tisa. Hapa wanamjua akiumwa na wanamjua akiwa na njaa. Akasema anataka kukaa na mimi, si kwamba hataki. Lakini kama sitaki kuja, niseme leo, ampe madamu jina la dereva mwingine. Hatakasirika.

Najua watu wanaosema hawatakasirika.

Nilitaka kusema kitu kikubwa. Nilikuwa nimekitafuta tangu asubuhi. Kikatoka kidogo.

"Basheer huyo, gari anaosha na nini?"

"Kitambaa."

"Ndiyo maana," nikasema. "Mwambie madamu naja. Nitaongea na bosi aniachilie."

Alifungua ile pakiti ya maziwa, akanywa, akanipa. Tulirudi Al-Baghdadiyah kwa miguu, mbali sana, hakuna aliyelalamika. Njiani nilimweleza makosa yote ya madereva tuliowaona. Yalikuwa mengi. Alicheka, na leo kilikuwa kicheko kizima.

Jumanne, 24 Machi. Ndani ya basi tena

Alinisindikiza kituoni. Tumepeana mikono kama makarani, maana watu walikuwa wengi. Kanipa begi lake la mgongoni, kachukua langu lililochanika zipu, eti atalishona.

Madamu amefika. Ujumbe wa Dama umeingia tukiwa Taif. Madamu amefurahi, anauliza kama ninavuta sigara. Nimejibu sivuti. Kuanzia leo ni kweli.

Nina furaha na woga. Woga ni wa bosi.

Alhamisi, 26 Machi. Riyadh

Jana nilishindwa. Nilikwenda hadi mlango wa majlisi, sebule ya wageni, nikarudi kuosha gari lililokuwa safi.

Leo nimeingia. Bosi alikuwa anakunywa kahawa na mdogo wake. Nikaomba kusema. Kiarabu kikaniishia katikati, nikamalizia kwa mikono. Akaelewa.

"Ulisema mkeo anakuja," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Kumbe unaondoka wewe."

"Ndiyo, baba."

Mdogo wake akacheka hadi akaweka kikombe chini. Bosi hakucheka. Kauliza kafili mpya, yaani mdhamini wangu, ni nani, anafanya kazi gani, nyumba iko wapi. Halafu kasema baada ya Idi. Nikae Ramadhani yote, nimfundishe dereva mpya njia za shule na malango yake, kisha ataniwekea sahihi nihamie. Akaniambia niende, yalla. Nilipofika mlangoni akaniita. Akaniuliza jina langu linatamkwaje hasa. Nikamwambia. Akalijaribu. Karibu alipate.

Jamaa wa getini wameshasikia. Wamenicheka. Niliwaacha wachoke, nikawauliza nani kati yao anakula na mkewe. Wakageukia chai yao.

Jumamosi, 28 Machi

Kesho shule zinafunguliwa. Matairi nimeyapima, mafuta nimejaza. Leo upepo hakuna, gari limebaki kama nilivyoliacha.

Nimempigia Dama baada ya chakula cha mchana. Nimemwambia baada ya Idi. Akasema haya. Akauliza nimekula nini. Nikasema maharage. Akasema yeye pia. Tukakaa na simu masikioni, nasikia maji yake ya bombani.

Watu wamelala mchana, nyumba nzima imetulia. Nimejilaza upande wa ukutani, kwa sababu Dama hulala upande wa mlango. Kitanda ni cha mtu mmoja. Nimebanwa, bega lote liko ukutani. Najizoeza mapema.