Mnajimu wa Saruji

4 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Kikohozi chako kimepoa? Sisi miili ni mizima, mengine ndiyo haya.

Sijamwambia mtu yeyote, hata Mama: mimi sijui kutabiri chochote. Baba hunipa ukurasa wa soko la hisa kwenye gazeti la Kiingereza, kwa kuwa Kiingereza ndicho ninachosomea shuleni, kisha huuliza, "Haya mwanangu, hisa zetu za saruji zinapanda au zinashuka?" Siku ya kwanza nilijibu zinapanda, ili tu aniache nimalize hesabu zangu. Zikapanda. Nikabahatisha tena, zikapanda tena. Sasa naitwa Mnajimu. Kinyozi hunisimamisha njiani: "Mnajimu, nyota zinasemaje leo?" Nami, unavyonijua na haya zangu, nainamisha kichwa. Wao wanaona hekima.

Baba anataka kuuza cherehani ya Mama aongeze hisa. Anasema mimi nimesema, nawe umesema redioni. Wewe ndiye mtaalamu, mkataze. Ila usinitaje. Na usipige simu, huwa anaifungulia sauti nyumba nzima isikie.

Mpwa wako mwenye hofu


19 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Kikohozi kimepungua. Masomo yanaendaje? Mambo ya hisa waachie wakubwa. Ishara zote ni nzuri: mvua zimenyesha, wakulima watavuna, watajenga, saruji itanunuliwa. Msalimie dada yangu, mwambie avumilie.

Mjomba wako


27 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na leo naiandika kwa shida. Kikohozi sikiulizi.

Avumilie? Jumatatu ulisema redioni hisa zitapanda kwa sababu ya mvua. Zikashuka. Jumanne, kwa sauti ileile, ukasema zimeshuka kwa sababu ya mvua, mafundi hawawezi kujenga! Mvua hiyohiyo, Mjomba! Mimi nabahatisha kwa aibu, wewe unabahatisha na tai shingoni. Baba naye akapiga meza: "Mmeona? Zimeshuka ili zipande!"

Cherehani hiyo ndiyo iliyokushonea suti ya usaili, au umesahau? Kama unajua ya kesho, niambie unajuaje. Kama hujui, sema hujui.

Mpwa wako, bado


9 Aprili

Mpwa wangu,

Adabu umeiacha wapi? Barua yako niliichana, kisha nikaokota vipande.

Sijui. Naweza kukwambia kiwanda kinauza kiasi gani na kinadaiwa na nani. Bei ya kesho ni kitu kingine. Inategemea nani ataingiwa na woga kesho, na huyo mwenyewe leo hajui kama ataogopa. Ofisini tuna kompyuta ukuta mzima. Jana zinaieleza vizuri sana. Lakini nikitamka "sijui" redioni, kiti changu kitapata mtu mwingine.

Baba yako asiione barua hii. Ichome.

Mjomba wako


15 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sijaichoma.

Mnunuzi anakuja mchana huu. Mama ameipangusa cherehani, akachomoa uzi mwekundu uliobaki kwenye sindano, akauzungusha kidoleni mpaka kidole kikavimba. Sasa yuko uani, anafua nguo zilizokwisha kufuliwa.

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Nimekukasirikia wewe. Nimemkasirikia Baba, ambaye masikio yake yanasikia "zinapanda" tu. Zaidi ya wote nimejikasirikia mimi, niliyeogopa kusema neno moja dogo, nikaacha mama yangu alilipie. Wewe ulilinda kiti. Mimi nililinda nini?

Nasikia kandambili za Baba kibarazani, na viatu vya mtu mwingine. Anacheka: "Karibu, karibu, utamwona na Mnajimu wangu!"

Siku zote nikisikia hatua hizo husukumia karatasi chini ya godoro. Leo barua yako iko juu ya cherehani, imekunjuliwa, na hii naiweka pembeni yake. Kiingereza kinampiga chenga Baba, lakini hizi tumeziandika kwa lugha anayoisoma vizuri.

Kitasa kinazunguka. Siifichi.